Kulinda Tundu: Uchambuzi wa Bunduki ya Kunyonya Lehemu

Kompyuta ya Commodore 64 ilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982, kwa dola 595, kumbukumbu yake yote ya kilobaiti 64 ilikaa kwenye chipu nane zilizopangwa safu mbili. Kila chipu inatunza biti moja ya kila baiti. Ikifa moja tu, hakuna baiti inayosalimika katika mashine nzima. Unawasha, skrini inakuwa nyeusi, na hakuna ujumbe wowote wa kukuambia kilichotokea. Hitilafu hii ni ya kawaida sana kwa wanaotengeneza kompyuta za kizazi kile, na mara nyingi mkosaji kwenye Commodore 64 ni pawa saplai yake ya asili: ikizeeka, ile volti 5 hupanda kupita kiwango ambacho chipu zinaweza kuvumilia.

Kumjua mgonjwa si kazi ngumu. Commodore wenyewe waliwatengenezea mafundi katriji ya majaribio. Ukiichomeka, skrini inamweka, na idadi ya mimweko inakuelekeza kwenye chipu mbovu. Asiye na katriji hugusa chipu kwa ncha ya kidole baada ya muda mfupi wa kuwasha, na ile inayochoma kuliko wenzake ndiyo anayoishuku kwanza. Wapo pia wanaopandisha chipu nzima juu ya mgongo wa inayoshukiwa, mguu kwa mguu, bila kulehemu, kuona kama mashine itaamka. Kwa baadhi ya hitilafu inaamka. Kazi ngumu inaanza baada ya hapo, pale unapotaka kuitoa chipu yenye miguu 16 iliyolehemiwa kwenye bodi iliyotengenezwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Chipu hiyo, aina ya 4164, bado inapatikana kwa wauza vipuri vya zamani, tena si kwa bei ya kutisha. Bodi yenyewe kiwanda hakiitengenezi tena. Commodore ilifilisika Aprili 1994. Basi anayeketi mbele ya bodi hii ana kitu kimoja cha kulinda, nacho ni yale matundu 16 ambamo miguu imepita. Nalisema hili mapema kwa sababu nimewaona mafundi wazuri wakiipanga kazi yao yote kwa lengo la kuitoa chipu, wakaitoa kweli, na bodi ikabaki haina thamani. Chipu ikitoka nzima lakini matundu yameharibika, hakuna kilichotengenezwa. Bunduki ya kunyonya lehemu ni chombo cha kulinda matundu, na ili ieleweke ni lazima tuanzie kwenye tundu lenyewe.

Bodi ya aina hii ni ubao wa nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa epoksi, na unene wake kwa kawaida ni milimita 1.6. Shaba imelala pande zote mbili, kwa kawaida unene wa mikromita 35 hivi, nyembamba kuliko unywele. Mguu wa chipu unapita kwenye tundu lenye kipenyo kisichofika au kinachokaribia milimita moja. Ndani ya tundu hilo, kiwandani, shaba ilipandishwa kwa umeme juu ya ukuta wa ubao mpaka ukajengeka mrija mwembamba unaounganisha shaba ya juu na ya chini. Mrija huo ndio unaopitisha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukichomoka pamoja na mguu, umekata njia ambayo huenda inaelekea kwenye chipu nyingine kadhaa, na mara nyingi mkato wenyewe uko upande wa juu, pale chipu ilipokaa, na wewe ulikuwa unafanya kazi upande wa chini.

Mrija huo, pamoja na duara la shaba linalouzunguka mdomo wa tundu, umeshikwa na epoksi tu. Epoksi ya kawaida ya bodi huanza kulegea karibu na nyuzi 130 hadi 140 za Selsiasi. Haiyeyuki, lakini ikivuka hapo nguvu yake ya kushika shaba inashuka sana, na ubao unatanuka kwa unene kwa kasi kubwa kuliko shaba, hivyo ukuta wa tundu unavutwa juu na chini. Sasa angalia lehemu: ile ya zamani, yenye asilimia 63 ya bati na 37 ya risasi, inayeyuka kwenye nyuzi 183. Hakuna namna ya kuifanya lehemu iwe maji bila kwanza kuufikisha ubao mahali ambapo umeanza kuachia shaba yake. Kila unapogusa kiungo kwa chuma cha moto, unaingia kwenye eneo hilo la hatari, na usalama wako wote unategemea mambo mawili: umekaa humo kwa muda gani, na umesukuma kwa nguvu kiasi gani ukiwa humo. Duara la shaba haling'oki kwa sababu ya joto peke yake. Linang'oka pale joto linapokutana na mkono unaobonyeza, unaokwangua au unaovuta.

Kwa upande wa metali, bodi za zamani zina nafuu. Bati likiwa peke yake huyeyuka nyuzi 232, risasi nyuzi 327, lakini zikichanganywa kwa kipimo hicho zinayeyuka chini ya zote mbili. Tangu Julai 1, 2006, sheria ya Umoja wa Ulaya ilipoondoa risasi kwenye vifaa vingi vya umeme, viwanda vimehamia kwenye mchanganyiko wa bati, fedha na shaba unaoanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217. Tofauti ya nyuzi 34 inaonekana ndogo kwenye karatasi. Mezani unaihisi mara moja. Hata kwenye bodi ya zamani, hata hivyo, lehemu iliyokaa miongo minne imefunikwa na oksidi na haipokei joto vizuri. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kazi hii huwashangaza wanaoanza: kabla ya kunyonya, unaongeza. Unaweka flaksi, kisha unagusa kila kiungo kwa chuma na kukilisha lehemu mpya yenye risasi, mpaka kinang'aa na kuinuka kidogo. Lehemu mpya inachanganyika na ya zamani, flaksi inasafisha oksidi, na kiungo kinakuwa na ujazo wa kutosha kupeleka joto mpaka upande wa pili. Kiungo kikavu chenye lehemu haba ndicho kigumu kuliko vyote kukinyonya.

Wengi wetu tumekulia kwenye pampu ya mkono, ile yenye springi, unayoibana kwa dole gumba na kuifyatua kwa kitufe. Ni chombo kizuri, na sina nia ya kuidharau. Lakini tuangalie inavyofanya kazi. Hewa inayotuzunguka inasukuma kwa takriban kilopaskali 100. Lehemu iliyoyeyuka ndani ya nafasi ya robo milimita kati ya mguu na ukuta wa tundu inajishikilia, kwa mvuto wa uso wake, kwa kilopaskali chache tu. Maana yake ni kwamba pampu yoyote nzima, hata ya mkono, ina nguvu nyingi kuliko inayohitajika, mradi lehemu ni maji. Ikiganda, hakuna pampu duniani itakayoisogeza. Kwa hiyo fundi anayelalamika kwamba pampu yake hainyonyi, mara nyingi pampu yake haina kosa. Kinachokosekana ni joto kuwepo mahali pale pale, kwa wakati ule ule, unyonyaji unapofika.

Na hapo ndipo mikono miwili inaposhindwa. Chuma kiko mkono wa kulia, pampu mkono wa kushoto. Ncha ya chuma ikiwa juu ya kiungo, mdomo wa pampu hauwezi kukifunika kiungo hicho sawasawa, na hewa inaingia pembeni. Ukitoa chuma ili pampu ikae vizuri, lehemu kidogo iliyomo tunduni inaganda kabla hujabonyeza kitufe. Fundi mzoefu anafanya mabadilishano hayo kwa kasi ya ajabu na anafaulu kwenye miguu mingi. Ile michache inayobaki ndiyo inayoua bodi, kwa sababu anairudia mara ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara ubao unapashwa upya. Ongeza na mshtuko wa springi: pampu inapofyatuka inapiga nyuma, na mdomo wake uko juu ya duara la shaba ambalo gundi yake imelegea wakati huo huo.

Utepe wa shaba iliyosukwa nao una mahali pake. Unalowa kwa lehemu jinsi utambi unavyolowa mafuta, na kwa kusafisha uso wa bodi sijaona kinachoushinda. Mafundi wengi wa kwetu huutengeneza wenyewe kwa kuvua suke la waya wa antena ya televisheni na kulipaka flaksi, na inafanya kazi kabisa ikiwa suke ni la shaba. Waya nyingi za bei rahisi zina suke la aluminiamu, na aluminiamu haishiki lehemu hata ukiibembeleza namna gani. Ukiona utepe wako haulowi, kwangua uzi mmoja uangalie rangi yake kwanza. Shida ya utepe ni kina. Kuitoa lehemu iliyo ndani ya tundu la milimita 1.6, utepe unataka joto jingi na muda mrefu, na mkono huanza wenyewe kubonyeza na kusugua.

Bunduki inaondoa mabadilishano ya mikono kwa wazo moja tu: ncha yenye moto ndiyo hiyo hiyo yenye tundu la kunyonyea. Mdomo wake ni mrija wa chuma uliopashwa na hita, na kipenyo cha ndani huchaguliwa kulingana na mguu. Vipimo vya kawaida ni milimita 0.8, 1.0, 1.3 na 1.6. Nyuma ya mdomo kuna njia iliyonyooka kuelekea kwenye chumba kinachokusanya lehemu, kisha chujio, kisha pampu ya umeme. Kwenye aina nyingine pampu iko ndani ya boksi mezani na bunduki imeunganishwa nalo kwa mpira. Kwenye aina kama FR-301 ya Hakko, kampuni ya Japani, pampu imo ndani ya bunduki yenyewe. Ukivuta kifyatulio, pampu inaanza, na kilichoyeyuka kinakimbilia chumbani na kugandia humo.

Kwa kuwa mdomo unauzunguka mguu pande zote, joto linaingia kwenye kiungo kwa mzunguko mzima, si kwa ncha moja. Na hewa ikianza kuvutwa inapita kandokando ya mguu kutoka upande wa juu wa bodi, ikiisukuma lehemu mbele yake. Hili la hewa kutoka upande wa pili ni la msingi kuliko linavyosikika. Kama lehemu ya upande wa juu haijayeyuka, hewa haina pa kuingilia, na utakachonyonya ni kile kilicho karibu na mdomo tu. Tundu litaonekana safi ukilitazama kwa chini, kumbe upande wa chipu mguu bado umeshikwa. Hapo ndipo mtu anapoingiza bisibisi chini ya chipu na kukwanyua, na mrija wa shaba unatoka pamoja na mguu.

Sasa tuone mkono wenyewe. Kwa lehemu yenye risasi, nyuzi 350 zinatosha kuanzia. Bodi imesimamishwa wima kwenye kishikio, au imelazwa juu chini, ili mguu uonekane vizuri. Mdomo unawekwa juu ya mguu ukiwa umenyooka nao, unagusa lehemu, na uzito wa bunduki unabebwa na mkono wako, hauachiwi bodi. Unasubiri. Ukisogeza macho karibu utaona lehemu ikibadilika: ukingo wake unalowa, mng'ao unaenea, na duara zima linatulia kwa pamoja. Hapo bado hujafyatua. Unazungusha mdomo polepole sana, mduara mdogo, na mguu unaanza kucheza ndani yake. Mguu unaocheza bila kukwama popote unakupa habari ambayo jicho haliwezi kuipata, kwamba lehemu ni maji mpaka upande wa juu. Ndipo unavuta kifyatulio, huku ukiendelea kuuzungusha mguu, na unaendelea kunyonya sekunde moja au mbili huku ukiinua bunduki. Hewa hiyo ya mwisho ina kazi yake. Inaupoza mguu na ukuta wa tundu ukiwa bado katikati ya mwendo, hivyo chembe za lehemu zilizosalia zinaganda bila kuunganisha mguu na ukuta.

Mwenye haraka hufyatua mara tu anapoona lehemu inang'aa chini. Kwa uzoefu wangu, kusubiri kule kwa ziada na ule mduara mdogo ndivyo vinavyotenganisha kazi safi na kazi ya kubahatisha, kuliko bei ya bunduki au chapa yake.

Bunduki yenyewe nayo inahitaji kupumua. Kila ukifyatua, hewa baridi ya chumbani inapita ndani ya mdomo na kuupoza. Ukikimbilia mguu unaofuata papo hapo, unakuta mdomo umeshuka joto, unakaa muda mrefu zaidi juu ya kiungo, na ubao ndio unaolipa. Sekunde chache kati ya mguu na mguu zinatosha. Ukipishanisha miguu, wa upande huu kisha wa upande ule, unaipa pia bodi nafasi ya kupoa.

Mguu wa graundi unastahili maneno yake. Kwenye 4164 graundi ni mguu wa 16 na volti 5 ni mguu wa 8, kinyume cha chipu nyingi za mantiki za wakati ule, kwa hiyo usiende kwa mazoea. Mguu wa graundi umeunganishwa na eneo pana la shaba, na shaba inasafirisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko ubao wa epoksi. Joto unalolipeleka kwenye kiungo linakimbia kuelekea kwenye eneo hilo kabla halijafika upande wa juu. Kishawishi ni kupandisha bunduki hadi nyuzi 450 na kubonyeza. Njia iliyo salama ni kuipasha bodi nzima kwanza, kwa bloa iliyowekwa moto wa chini na kushikwa mbali, au kwa hita ya kuweka chini ya bodi, mpaka eneo lote lifike karibu na nyuzi 100. Tofauti ya joto ikipungua, shaba ile pana haina kiu tena, na lehemu ya mguu wa graundi inayeyuka kama ya mingine kwa nyuzi 370 au 380. Wengine huweka chuma cha kawaida upande wa juu, kwenye mguu ule ule, huku bunduki ikinyonya kwa chini. Inafanya kazi vizuri ukiwa na nafasi ya kuingiza ncha.

Mguu ukikataa mara ya kwanza, usiupashe tena ukiwa mtupu. Ujaze lehemu mpya, uuache upoe, kisha urudie kana kwamba hujawahi kuugusa. Mabaki membamba yaliyogandia ukutani hayana ujazo wa kubeba joto, na kuyafukuza kwa kupasha tundu tupu ni kuichoma bodi bure.

Miguu yote ikishanyonywa, chukua bisibisi ndogo bapa na usukume kila mguu kidogo pembeni. Ulioachia unasogea kirahisi. Ambao bado umegusa ukuta kwa uzi wa lehemu utatoa mlio mdogo wa "tik" unapobanduka. Mguu usiosogea wala kutoa mlio haujanyonywa, na unarudi kwenye bunduki. Hii yote ikiwa tayari, chipu inatoka kwa vidole viwili. Ikihitaji kukwanyuliwa, jua kuna mguu unaokudanganya.

Mahali pake usilehemu chipu nyingine moja kwa moja. Weka soketi, ili atakayefuata, pengine wewe mwenyewe, abadilishe chipu bila moto kabisa. Kabla ya soketi, mulika matundu kwa tochi kutoka nyuma: mwanga unapaswa kupita kwenye yote 16, na kuta za ndani zionekane zina rangi ya fedha mzunguko mzima. Pakionekana rangi ya ubao, mrija wa shaba umekwenda. Baada ya soketi, pima kwa mita kutoka kila mguu hadi chipu inayofuata kwenye njia ile. Chipu nane za kumbukumbu zinachangia mistari mingi ya anwani, hivyo mguu wa soketi yako una jirani wa kupima naye. Palipokatika, uzi mwembamba wenye ganda, uliolehemiwa chini ya bodi kutoka mguu hadi mguu, unarudisha njia. Haupendezi, lakini unadumu.

Kuna kazi ambazo hazihitaji bunduki, na ni haki kuzitaja. Ukiwa na hakika kwamba chipu imekufa, njia ya upole kuliko zote ni kuikata miguu yote kwa koleo kali karibu na mwili wake, kuutupa mwili, kisha kuuchomoa mguu mmoja mmoja kwa kibano huku ukiupasha kwa chuma cha kawaida. Mguu ulio peke yake hauna wa kuusaidia kushikilia. Bunduki inabaki na kazi ya kusafisha matundu tu. Lakini njia hiyo ni hukumu isiyo na rufaa: chipu ya sauti ya kompyuta hii, SID 6581, haitengenezwi tena, na ukiikata kwa kuishuku tu, kisha ikathibitika kwamba mbovu ilikuwa kapasita ya jirani, umepoteza kitu ambacho pesa hainunui kirahisi. Chipu ya namna hiyo, yenye miguu 28, ndiyo inayoihalalisha bunduki hasa, kwa kuwa inaitoa ikiwa hai.

Bodi za tabaka moja nazo ni habari nyingine. Zile za rangi ya kahawia, za karatasi na gundi ya fenoli, zilizojaa kwenye televisheni za chogo, redio na amplifaya za bei nafuu, hazina shaba ndani ya matundu. Duara la shaba limebandikwa upande mmoja tu, na lehemu yote iko hapo nje. Kwa fundi ambaye siku yake nzima ni pawa saplai za televisheni za aina hiyo, pampu ya mkono na utepe vinatosha, na simshauri aingie deni kwa ajili ya bunduki. Bodi hizo zinaogopa zaidi kubonyezwa, kwa sababu mshiko wa shaba kwenye karatasi ni dhaifu kuliko kwenye kioo. Anayepokea inveta, vifaa vya maabara, vinanda vya umeme na kompyuta, ambavyo bodi zake zina shaba pande mbili au zaidi, hesabu yake ni tofauti.

Adui mwingine ambaye bunduki haimwezi peke yake ni betri iliyovuja. Kompyuta nyingi za mwisho wa miaka ya 1980, zikiwemo Amiga 2000 na bodi nyingi za PC za 286 na 386, zilikuwa na betri ndogo ya nikeli na kadmiamu iliyolehemiwa kwenye bodi ili kutunza saa. Ikizeeka inatoa maji ya alkali yanayotambaa kwenye njia za shaba na kuzila. Lehemu iliyoguswa nayo inageuka kijivu, kama chokaa, na haiyeyuki hata ukiikalia na nyuzi 400. Hapo siki nyeupe kidogo inatangulia, kuzima alkali, kisha maji safi, spiriti, na kukausha kabisa. Baada ya hapo unakwangua uso wa kiungo mpaka metali ionekane, unaweka flaksi nyingi na lehemu mpya, na ndipo bunduki inaitwa. Anayeanza kwa bunduki anaivuta ile alkali na uchafu wa betri hadi ndani ya chombo chake, na viungo vinabaki vile vile.

Utunzaji wa bunduki wengi huuchukulia kama jambo la baadaye, na ndio unaoamua kama itaishi mwaka au miaka kumi. Njia ya ndani inaziba. Ndivyo ilivyo, kwa kuwa inapitisha metali inayotaka kuganda. Kila bunduki huja na sindano za kusafishia zinazolingana na mdomo wake. Zipitishe ikiwa ya moto, kabla ya kuanza na kila unapoona nguvu imepungua. Chumba kimwagwe kabla hakijajaa, na chujio libadilishwe likianza kuwa gumu na la kahawia kwa mvuke wa flaksi. Sikiliza pampu: sauti yake ikibadilika bila wewe kugusa kiungo, njia imeziba mahali fulani, na kuendelea kufanya kazi ni kurudi kwenye yale yale ya kupasha bila kunyonya. Kabla ya kuzima, vika mdomo lehemu mpya. Mdomo ulioachwa mkavu unakuwa mweusi kwa oksidi, mweusi haupitishi joto, na fundi anayekosa joto anaanza kubonyeza.

Kuhusu afya, risasi haigeuki mvuke wa kutisha kwenye nyuzi 400. Moshi unaouona ni wa flaksi, nao unawasha mapafu na unaweza kumletea pumu anayeuvuta kila siku, kwa hiyo dirisha liwe wazi na feni ivute moshi mbali na uso. Risasi inaingia mwilini kwa mikono: unamwaga chumba, vumbi la metali linabaki kwenye vidole, kisha unashika chapati. Nawa kwa sabuni kwanza, na mabaki yale yasimwagwe mahali watoto wanapochezea.

Bei ndiyo swali la mwisho la wengi. Bunduki ya Hakko ya FR-301 ni takriban dola 300 kabla ya usafiri na ushuru. Zipo za Kichina za boksi la mezani, ZD-915 ikiwa ndiyo inayojulikana zaidi, kwa chini ya nusu ya hapo. Joto lake haliko imara sana na zinaziba upesi, ila kwa mwenye subira ya kuzisafisha zinafanya kazi hii yote niliyoieleza. Mafundi wawili watatu wa jengo moja wanaweza kuchangia moja nzuri, kwani hakuna anayeihitaji kutwa nzima, mradi aijaze lehemu mdomoni kila anayeirudisha. Anayeagiza iliyotumika kutoka Japani asome kibandiko kabla ya kulipa: umeme wa huko ni volti 100, na bunduki ya soko la ndani la Japani ikichomekwa moja kwa moja kwenye volti 230 za kwetu hita yake haitamaliza dakika. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye wati za kutosha kubeba hita na pampu kwa pamoja.